Jinsi ya Kulinganisha 3D-CRT, IMRT na VMAT kwa Saratani ya Mlango wa Kizazi: Mwongozo Kamili wa Mpangaji

Jedwali la kulinganisha mbinu za mionzi ya nyonga likinifikia mezani, kitu cha kwanza ninachotafuta ni kama mipango yote ilipewa nafasi sawa. Mara nyingi haikupewa. VMAT (mionzi inayopigwa huku mashine ikimzunguka mgonjwa) imefanyiwa kazi siku nzima, 3D-CRT (miale michache iliyobanwa kufuata umbo la shabaha) imemalizwa kwa dakika chache. PTV (shabaha ya dozi pamoja na ukingo wa usalama) ya mpango mmoja imefunikwa vizuri, ya mwingine imepunguziwa ili utumbo upone. Kisha thamani ya p inawekwa chini ya jedwali na mshindi anatangazwa. Hapo kilichopimwa ni jasho la mpangaji. Mbinu zenyewe bado hazijapimwa.

Mwongozo huu ni wa wanafizikia wa tiba, wapangaji wa dozi na madaktari wa saratani wanaotaka ulinganisho unaoweza kuaminiwa siku ya kuamua mgonjwa atibiweje. Unahusu mionzi ya nje. Brakitherapia (mionzi ya chanzo kinachowekwa ndani ya mwili) nayo itaingia kwenye hatua ya 10, kwa kuwa mionzi ya nje haihukumiwi bila kujua kinachoifuata.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Picha za CT za kila mgonjwa zenye unene wa slaisi usiozidi mm 3, moja kibofu kikiwa kimejaa na nyingine kikiwa kitupu. Ukiwa na MRI, bora zaidi.
- Programu moja ya kupanga tiba yenye kanuni moja ya kukokotoa dozi kwa mbinu zote tatu.
- Data za linaki (mashine ya mionzi) ile ile itakayomtibu mgonjwa, si mashine ya mfano iliyokuja na programu.
- Agizo la dozi lililosainiwa. Kwenye mwongozo huu natumia 45 Gy (gray, kipimo cha dozi) kwa vipindi 25, yaani 1.8 Gy kila kipindi.
- Orodha ya viungo vya kulindwa na mipaka yake, iliyoandikwa kabla mpango wowote haujaanza.
- Kifaa cha kupimia mipango kwenye mashine: fantomu (mwili wa bandia) yenye vigunduzi, au EPID (kigunduzi cha picha cha linaki yenyewe).
- Daktari wa kuikagua mipango bila kuambiwa ipi ni ipi.

Kama CT ya kibofu kitupu haipo, kazi inaweza kuendelea, ila hatua ya 8 utaikosa. Na hatua ya 8 ndiyo inayobadilisha maoni ya watu.

## Hatua ya 1: Andika swali moja, na kipimo kimoja kikuu

"Ipi ni bora?" si swali la kupanga tiba. Swali linalojibika ni kama hili: je, VMAT inapunguza ujazo wa utumbo unaopata 45 Gy bila kupunguza ufunikaji wa PTV, ukilinganisha na 3D-CRT?

Chagua kipimo kimoja kikuu. Vingine vyote ni vya kusindikiza. Ukiwa na vipimo thelathini, mbinu yoyote itashinda mahali fulani, na wewe utashawishika kuandika mahali hapo tu.

Umefanikiwa ikiwa: mtu mwingine anaweza kusoma ukurasa wako mmoja na kujua matokeo gani yangekufanya useme mbinu mpya haina faida.

## Hatua ya 2: Mchoraji mmoja, mipaka ile ile

Michoro ichorwe mara moja kwa kila mgonjwa, ikaguliwe, ifungwe. Mipango yote mitatu isomwe kutoka kwenye seti hiyo hiyo.

Utumbo ndio unaoleta fujo kubwa. Kuna wanaochora kila tanzi la utumbo peke yake, na wanaochora mfuko mzima wa tumbo ambamo utumbo unaweza kuhama. Mipaka ya QUANTEC (mapitio ya madhara ya mionzi kwenye viungo) ya mwaka 2010 inatofautisha hayo mawili: kwa matanzi, ujazo unaopata 15 Gy usizidi sm³ 120, kwa mfuko mzima, ujazo unaopata 45 Gy usizidi sm³ 195. Ukichora mfuko ukautia kwenye mpaka wa matanzi, hakuna mbinu itakayopita. Ukifanya kinyume chake, zote zitapita hata zile mbovu.

Amua pia utumbo unaishia wapi kwa juu. Sentimita 2 juu ya PTV ni chaguo linalofaa. Muhimu ni liwe moja kwa wagonjwa wote, la sivyo asilimia zako zitapanda na kushuka kwa sababu ya kalamu.

Chora pia:

- kibofu cha mkojo na puru, kama viungo kamili;
- sigmoidi (sehemu ya utumbo mpana juu ya puru), kwa ajili ya brakitherapia baadaye;
- vichwa vya mifupa ya paja, kushoto na kulia;
- mifupa ya nyonga kama kiwakilishi cha uboho, hasa kama mgonjwa atapata cisplatin (dawa ya saratani) kila wiki.

Onyo: usiruhusu programu ichore yenyewe halafu uende moja kwa moja kwenye mpango. Puru na sigmoidi hukosewa mara kwa mara pale zinapokutana.

## Hatua ya 3: PTV iliyozingatia mwendo wa kizazi

Hapa ndipo IMRT (miale ambayo nguvu yake hubadilishwa ndani ya kila mwale) na VMAT huweza kumdhuru mgonjwa huku grafu ikionekana maridadi.

Mlango wa kizazi na mji wa mimba havitulii. Kibofu kikijaa, mji wa mimba husukumwa juu na nyuma. Kikipungua, hulala mbele. Sehemu ya juu ya mji wa mimba huhama zaidi kuliko mlango wenyewe, na kuhama huko kunaweza kufika sentimita kadhaa. Puru iliyojaa gesi nayo husukuma mlango na sehemu ya juu ya uke kwenda mbele.

Kisanduku cha miale minne cha 3D-CRT kina upana wa ziada unaosamehe mengi ya hayo. Mpango uliobana hausamehe.

Fanya hivi: chora CTV (eneo lenye ugonjwa) ya msingi kwenye CT ya kibofu kilichojaa na kwenye CT ya kibofu kitupu, ziunganishe ziwe ITV (eneo linalobeba mwendo wote), halafu ongeza ukingo wa PTV. Itifaki ya utafiti wa EMBRACE II hutumia mm 5, lakini ukingo huo unakwenda na kupiga picha kila siku kabla ya tiba. Bila picha za kila siku, mm 5 ni kucheza kamari.

Tezi za limfu hazihami kama kizazi, kwa sababu zimefuata mishipa ya damu pembeni mwa mifupa. Mishipa ya nyonga pamoja na mm 7 kuizunguka, ukiondoa mfupa na misuli, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Umefanikiwa ikiwa: ukipitisha slaisi za CT zote mbili, mji wa mimba haupiti nje ya ITV popote.

## Hatua ya 4: Mpe 3D-CRT haki yake

Mpango wa 3D-CRT unaopoteza kwa haki lazima kwanza uwe mzuri. Kinachofanyika sana ni kuchukua kisanduku kilichowekwa kwa alama za mifupa (juu L4/L5, chini kwenye matundu ya obtureta, pembeni sm 1.5 hadi 2 nje ya ukingo wa nyonga) na kukilinganisha na VMAT iliyofuata PTV. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Kisanduku cha mifupa kinaweza hata kuikosa PTV kwa nyuma, pale ligamenti za kizazi na sakramu (kamba zinazokishikilia kizazi) zinapoelekea nyuma, huku kikiwa kimemwaga dozi nyingi mbele ambako haihitajiki.

1. Weka miale minne: 0°, 90°, 180° na 270°, isosenta (kitovu cha mzunguko wa mashine) katikati ya PTV.
2. Tumia nishati ya juu uliyonayo. 15 MV hupunguza maeneo ya moto pembeni mwa mgonjwa mnene, na mbinu hii inastahili kuipata.
3. Bana vibamba vya MLC (vinavyoumba mwale) kuifuata PTV pamoja na mm 5 hadi 7 kwa ajili ya penumbra (ukingo hafifu wa mwale). Usiondoe ukingo huo ili kuokoa utumbo, kwa kuwa dozi ya ukingo wa PTV itaanguka.
4. Rekebisha uzito wa miale. Miale ya pembeni ikiwa mizito sana, vichwa vya mapaja vitalalamika. Ya mbele na nyuma ikizidi, puru na kibofu ndivyo vitakavyolipa.
5. Ongeza miale midogo ndani ya ile mikubwa kuzima maeneo yanayozidi 107%.

Umefanikiwa ikiwa: angalau 95% ya PTV inapata 95% ya dozi, na hakuna sehemu ya moto iliyokaa ndani ya utumbo.

## Hatua ya 5: IMRT

Tumia miale 7 au 9 yenye nafasi sawa. Kwa 9, ni kila baada ya 40°. Nishati iwe 6 MV, au 10 MV kwa mgonjwa mnene. Usipande juu ya 10 MV: IMRT hutumia MU (vipimo vya mionzi inayotolewa na mashine) nyingi, na juu ya nishati hiyo nyutroni zinaanza kuwa tatizo la kweli.

Kwa programu ya uboreshaji, tengeneza miundo ya kusaidia kwanza:

- pete kuzunguka PTV, kuanzia mm 3 hadi 5 nje yake, upana sm 2, ili dozi ishuke haraka;
- kibofu, puru na utumbo ukiwa umeondoa sehemu iliyoingia ndani ya PTV.

Sababu ya ile ya pili: ukiiambia programu ipunguze dozi ya kibofu kizima wakati theluthi yake iko ndani ya PTV, umeipa amri mbili zinazopingana kwenye voxeli (vijisehemu vya picha) zile zile. Itakupa mashimo ya dozi baridi ndani ya PTV, na wewe utayagundua mwishoni.

Anza na PTV peke yake. Ikitulia, leta utumbo. Kisha puru na kibofu. Uboho uje mwisho. Anayemwaga malengo yote kwa pamoja na vipaumbele vya kubahatisha hujikuta anazunguka mahali pamoja hadi jioni.

Onyo la mashine: PTV ya nyonga yenye tezi ni pana. Kwenye linaki nyingi, vibamba vya behewa moja haviwezi kutofautiana zaidi ya takriban sm 15, hivyo programu hugawa mwale mmoja kuwa miwili au mitatu. MU na muda hupanda. Andika idadi ya migawanyo hiyo kwenye rekodi yako, maana ndiyo itakayoeleza kwa nini muda wa tiba ulirefuka.

## Hatua ya 6: VMAT

Arki (mizunguko ya mwale) mbili kamili: moja kutoka 181° hadi 179° kwa mwelekeo wa saa, ya pili ikirudi. Zungusha kolimeta (kichwa kinachobana mwale) 10° hadi 30° kwenye ya kwanza, na kinyume chake kwenye ya pili. Kolimeta ikiachwa 0°, uvujaji kati ya vibamba hurundikana kwenye mstari ule ule gantri (mkono wa mashine) inapozunguka.

Tumia malengo yale yale ya IMRT, na miundo ile ile ya kusaidia. Hili halijadiliwi. Ukibadilisha malengo huku umebadilisha na mbinu, hutajua kipi kimeleta tofauti.

Kama PTV ni pana mno, funga taya za X za kila arki zisizidi sm 15, arki moja ishike upande mmoja na nyingine ule wa pili, zikipishana katikati. Arki ya tatu husaidia kidogo pale tezi za pembeni mwa aota zimeingizwa. Kwa nyonga peke yake, sijaona sababu ya kuifanya iwe kawaida.

Sasa kuhusu usawa wa jitihada: weka kikomo. Kwa mfano, kila mpango unaruhusiwa mizunguko minne ya uboreshaji, au muda fulani uliokubaliwa, halafu mikono juu. Kikomo hicho kiandikwe. Na aliyezoea VMAT miaka yote asipewe pia kupanga 3D-CRT peke yake, gawaneni kazi.

## Hatua ya 7: Sawazisha dozi, kisha soma namba

Kabla ya kusoma chochote, mipango yote ipandishwe au ishushwe hadi nukta moja. Nukta ninayopendelea ni D95 ya PTV (dozi inayofika kwenye 95% ya ujazo wake) iwe sawa kwa wote. Wengine hutumia D50, kama ripoti ya ICRU 83 inavyopendelea kwa kuripoti IMRT. Chagua moja, usihame.

Ona tofauti inayoletwa na hatua hii. Tuseme agizo ni D95 ya PTV iwe 45 Gy. Mpango A umefika. Mpango B una 43.9 Gy. Ukiusawazisha B, unazidisha kila kitu kwa 45 ÷ 43.9, yaani 1.025. Sehemu yote ya utumbo iliyokuwa na 43.9 Gy sasa ina 45 Gy. Kwa hiyo V45 (ujazo unaopata 45 Gy) halisi ya mpango B ni ile uliyoiona ikiitwa V43.9. Kwenye mteremko mkali wa grafu ya utumbo, hatua hiyo ndogo inaweza kuwa makumi ya sm³. Faida yote iliyokuwa ikitangazwa inaweza kuyeyuka hapo.

Namba za kusoma kwa PTV:

- D98 na D2, yaani dozi inayofika kwenye 98% na 2% ya ujazo. Ziache zile za "kiwango cha chini" na "kiwango cha juu" za voxeli moja, ni kelele.
- Usawa wa dozi: D2 toa D98, gawanya kwa D50. Mfano: D2 ni 47.2, D98 ni 43.1, D50 ni 45.4. Unapata 0.09. Ikikaribia sifuri ni vizuri.
- Mshiko wa umbo, kwa fomula ya Paddick: ujazo wa PTV uliofunikwa, kipeo cha pili, ugawe kwa ujazo wa PTV mara ujazo wote uliofunikwa na dozi ya agizo.

Fomula hiyo ya mwisho inaonyesha kiini cha tofauti. PTV ya sm³ 1,200: kisanduku kinafunika 1,190 ndani yake lakini kinamwaga dozi hiyo kwenye sm³ 2,300 kwa jumla. Jibu ni 0.51. VMAT inafunika 1,150 na jumla yake ni 1,350. Jibu ni 0.82. Namba hizi ni za kufanyia mazoezi tu, lakini zitazame tena: kisanduku kimefunika PTV zaidi. Anayeripoti mshiko bila kuripoti ufunikaji ameficha nusu ya habari.

Kwa viungo, itifaki ya RTOG 0418 inakupa mahali pa kuanzia: utumbo usiozidi 30% upate 40 Gy, puru isiyozidi 60% ipate 30 Gy, kibofu kisichozidi 35% kipate 45 Gy, vichwa vya mapaja visivyozidi 15% vipate 30 Gy. Data za utafiti huo huo zilionyesha kuwa uboho ukiwa na V40 inayozidi 37%, madhara ya damu huongezeka wazi kwa waliokuwa wakipata cisplatin.

Usisahau dozi ndogo. Soma V5 na V10 za mwili mzima. IMRT na VMAT hupunguza dozi kubwa nje ya PTV kwa kuisambaza ndogo kwingi. Kwa mwanamke wa miaka 35 anayetarajiwa kupona, safu hiyo ya jedwali si ya mapambo.

### Usiishie kwenye grafu

DVH, yaani grafu ya dozi dhidi ya ujazo, haisemi dozi iko wapi. Pitisha slaisi moja baada ya nyingine ukiwa umewasha mistari ya 107%, 95% na 50%. Mpango wenye D2 nzuri unaweza kuwa umeweka sm³ 5 za moto ndani ya tanzi la utumbo lililolala juu ya kibofu, wakati mwingine wenye D2 mbaya zaidi umeuweka moto wake katikati ya uvimbe, ambako hauna ubaya. Hapa ndipo daktari asiyejua mbinu ni ipi anapohitajika: mpe mipango yenye herufi tu, achague.

## Hatua ya 8: Jaribu mipango kwenye kibofu kingine

Linganisha CT mbili kwa mifupa. Nakili kila mpango kwenye CT ya kibofu kitupu, isosenta pale pale, MU zile zile, kisha kokotoa upya bila kuboresha chochote. Soma CTV iliyochorwa kwenye CT hiyo, si PTV, kwa kuwa PTV ni chombo cha kupangia tu na CTV ndiyo yenye ugonjwa.

Tafuta D98 ya CTV isiyopungua 95% ya agizo, yaani 42.75 Gy.

Utakachokiona mara nyingi: 3D-CRT haitikisiki. IMRT na VMAT zenye ITV nzuri nazo hubaki salama. Zile zilizopangwa kwa CT moja na ukingo mwembamba hupoteza sehemu ya juu ya mji wa mimba, wakati mwingine vibaya, huku DVH ya awali ikiwa haina doa.

Utumbo nao usomwe upya hapa. Kibofu kitupu huuacha ushuke ndani ya nyonga, na ile faida ya VMAT uliyoiona jana inaweza kupungua. Ikipungua, hiyo ndiyo namba ya kumwambia daktari.

Ukishindwa: usirudi kuongeza uzito wa PTV kwenye uboreshaji. Rudi hatua ya 3. Kasoro iko kwenye mchoro.

## Hatua ya 9: Mpango usiopigika kwenye mashine si mpango

Andika kwa kila mbinu:

- MU kwa kipindi. 3D-CRT huhitaji mamia machache. IMRT ya vibamba vinavyoteleza, yenye miale iliyogawanywa, inaweza kupita 1,000. VMAT kwa kawaida hukaa katikati.
- Muda mgonjwa akiwa mezani, kuanzia kulala hadi kuinuka, pamoja na kupiga picha. Gantri ya linaki ya kawaida huchukua dakika 1 kuzunguka mara moja ikiwa kasi ya juu kabisa, kwa hiyo arki mbili haziwezi kushuka chini ya dakika 2. IMRT ya miale 9 huchukua muda mrefu zaidi, na muda wote huo kibofu kinajaa.
- Vipimo vya gama (ulinganifu wa dozi iliyopangwa na iliyopimwa). Ripoti ya AAPM TG-218 inapendekeza 3% na mm 2, kwa kizingiti cha dozi cha 10%, na kiwango cha kuvumilika cha 95% ya nukta zilizopita. Chini ya 90%, simama na utafute sababu.

Gama ikifeli kwa VMAT pekee, tazama kama uboreshaji umezaa mianya midogo midogo ya vibamba. Kupandisha kikomo cha MU hakusaidii. Kukishusha mara nyingi husaidia.

Kama idara ina linaki moja na foleni ndefu, safu ya muda ina uzito sawa na safu ya utumbo. Tiba yote, mionzi ya nje na brakitherapia, inatakiwa iishe ndani ya wiki 8. Mbinu nzuri inayosababisha wagonjwa wakose vipindi inawanyima kudhibitiwa kwa uvimbe.

## Hatua ya 10: Pigia hesabu ya brakitherapia

Mionzi ya nje ya 45 Gy haitoshi kuua uvimbe wa mlango wa kizazi. Na nyongeza ya IMRT au VMAT haichukui nafasi ya brakitherapia pale inapowezekana, hata grafu iwe nzuri namna gani.

Badili dozi kuwa EQD2 (dozi sawa kama ingetolewa kwa vipindi vya 2 Gy): zidisha dozi yote kwa (dozi ya kipindi + α/β), gawanya kwa (2 + α/β). α/β ni namba ya jinsi tishu inavyoathiriwa na ukubwa wa kipindi. Kwa uvimbe tumia 10, kwa madhara ya kudumu ya viungo tumia 3.

Uvimbe: 45 × 11.8 ÷ 12 = 44.25 Gy. Ukiongeza vipindi vinne vya 7 Gy kwa brakitherapia, ni 28 × 17 ÷ 12 = 39.7 Gy. Jumla ni karibu 84 Gy. EMBRACE II inalenga D90 ya kati ya 90 na 95 Gy kwenye CTV ya hatari kubwa, kwa hiyo bado una safari.

Kibofu: kwa 45 Gy kamili, 45 × 4.8 ÷ 5 = 43.2 Gy. Sasa tuseme mpango wako wa VMAT umeacha 47 Gy kwenye ukuta wa kibofu, pale pale brakitherapia itakapopiga. Kipindi kimoja ni 1.88 Gy, hesabu inakuwa 47 × 4.88 ÷ 5 = 45.9 Gy. Umekula 2.7 Gy za akiba ambayo mwisho wake, kwa sm³ 2 za kibofu, ni 90 Gy. Kwa puru na sigmoidi mwisho ni 75 Gy, kwa hiyo pengo ni dogo zaidi na kila Gy inauma.

Kwa hiyo katika ulinganisho wako ongeza safu moja ambayo wengi hawanayo: dozi ya juu kabisa ya sm³ 2 kwa kibofu, puru na sigmoidi kutoka mionzi ya nje. Ikivuka 103% ya agizo, mpe taarifa anayepanga brakitherapia.

## Hatua ya 11: Takwimu, kwa kiasi

Kila mgonjwa amepangiwa mara tatu, kwa hiyo data zimefungamana. Tumia kipimo cha Friedman kwa mbinu tatu pamoja, kisha Wilcoxon ya jozi kwa mbili mbili. Jozi ni tatu, hivyo gawanya 0.05 kwa 3: kizingiti kinakuwa takriban 0.017.

Idadi ya wagonjwa inajipanga yenyewe kutokana na hapo. Kwa wagonjwa 5, hata mbinu moja ikishinda kwa wote, p ndogo kabisa ya Wilcoxon ya pande mbili ni 0.0625. Kwa 6 ni 0.031. Kwa 7 ni 0.0156, na ndipo kwa mara ya kwanza unaweza kuvuka kizingiti hicho, tena ikiwa wote saba wameelekea upande mmoja. Anza na 10 au zaidi.

Halafu tenganisha makundi. Aliyefanyiwa upasuaji wa kuondoa kizazi na mwenye kizazi chake hawaingii jedwali moja. Utumbo wa yule wa kwanza umeporomoka ndani ya nafasi iliyoachwa wazi, na kwake faida ya kubana dozi ni kubwa zaidi. Ndiko pia ushahidi ulikosimama imara: utafiti wa PARCER uliochapishwa mwaka 2021, wenye wanawake 300 waliokwisha kufanyiwa upasuaji, ulikuta madhara ya kudumu ya utumbo ya daraja la 2 na zaidi ndani ya miaka 3 kwa 21.1% ya waliopata IMRT inayoongozwa na picha, dhidi ya 42.4% ya waliopata 3D-CRT.

Angalia maneno "inayoongozwa na picha". Hayatenganishwi na matokeo hayo.

## Ukurasa wa mwisho wa ripoti yako

Andika kwa mpangilio huu: agizo, ukingo wa PTV na ratiba ya picha; nukta ya kusawazisha dozi; kikomo cha jitihada; kipimo kikuu kwa mbinu zote tatu; D98 ya CTV kwenye kibofu kitupu; muda mezani; gama; akiba ya brakitherapia.

Kisha andika mapendekezo kwa kila kundi. Mapendekezo halali yanaweza kusomeka hivi: waliofanyiwa upasuaji: VMAT yenye picha za kila siku; wenye kizazi na wanaopata cisplatin: VMAT kama ITV imetoka kwenye CT mbili; wenye CT moja tu, au siku ambazo mfumo wa picha umeharibika: 3D-CRT ya miale minne iliyofuata PTV, na mpango wake uwe umeshaandaliwa na kuidhinishwa tangu wiki ya kwanza.